Ganzi ya vidole inayokuamsha usiku: maswali kuhusu handaki la kifundo cha mkono

Maswali haya ni ya watu ninaowahudumia hapa Kisumu: mafundi cherehani wa Kibuye, wasusi wa Kondele, akina mama wanaopara samaki kule Dunga, na siku hizi vijana wa boda boda. Wengi huniita daktari. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, si daktari, na pale ambapo daktari ndiye anayehitajika nitasema wazi.

Ugonjwa huu ni nini hasa?

Geuza kiganja kitazame juu, kisha bonyeza pale unapofungia saa, karibu na mwanzo wa kiganja. Chini ya ngozi hiyo kuna vijifupa vinane vilivyojipanga kama mtaro, na juu ya mtaro umetandazwa utepe mgumu sana. Nafasi iliyobaki katikati ndiyo handaki. Humo hupita kano tisa zinazokunja vidole, na katikati yao neva moja tu, neva ya kati, inayopeleka hisia na nguvu kwenye sehemu kubwa ya vidole.

Mifupa haisogei na utepe hautanuki. Kano zikivimba kidogo, au maji yakijaa mwilini, ni sawa na matatu ya abiria kumi na wanne iliyopakia ishirini. Kano ni ngumu, zinavumilia kubanwa. Neva ni laini, basi yenyewe ndiyo inayolalamika. Kwenye karatasi ya hospitali utaona jina sindromu ya handaki la karpali. Ni kitu hicho hicho.

Nitajuaje kwamba ganzi yangu ni hii na si kitu kingine?

Uliza kidole cha mwisho. Swali hili nampa kila mtu kabla sijamgusa mkono: kidole kidogo kina ganzi au hakina?

Neva ya kati huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete, nusu ile inayotazamana na cha kati. Kidole kidogo kina neva yake nyingine, ile inayopita nyuma ya kiwiko, inayokupiga shoti ukikigonga kwenye meza. Kwa hiyo ganzi ikiwa kwenye vidole vitatu na nusu, na kidole kidogo kiko salama, handaki ndilo mshukiwa wa kwanza. Ganzi ikiwa kwenye kidole kidogo na nusu ya cha pete, tazama kiwiko. Ikianzia shingoni na kushuka begani mpaka mkononi, hasa ukigeuza kichwa, tazama shingo. Ikiwa ni mikono yote na nyayo zote mbili, kama umevaa soksi na glavu, fikiria sukari, upungufu wa vitamini B12, au dawa unazotumia.

Wagonjwa wengi, nikiwauliza mara ya kwanza, hujibu “mkono wote.” Nawaambia warudi nyumbani, usiku wakiamshwa na ganzi waguse kidole kimoja kimoja wakiwa bado kitandani. Kesho yake majibu huwa tofauti kabisa.

Kuna maumivu mengine yanayochanganywa na haya. Mama mwenye mtoto mchanga anayeumwa upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, kila anapomnyanyua mtoto kwa makwapa, mara nyingi ana kano zilizovimba upande huo. Huyo haumwi handaki na hana ganzi.

Kwa nini usiku? Mchana nafanya kazi vizuri tu.

Kwa sababu ukilala unakunja vifundo bila kujua. Kuna anayeweka mkono chini ya shavu, na kuna anayejikunyata kama mtoto. Kifundo kikikunjwa, kwenda mbele au nyuma, shinikizo ndani ya handaki hupanda. Neva iliyobanwa saa nzima hunyimwa damu, na wewe unaamka saa nane na vidole kama vimekaliwa na siafu.

Msusi mmoja alinionyesha anachofanya. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha matibabu, akaning’iniza mkono, akaukung’uta mara nne, tano, kama mtu anayekung’uta maji baada ya kunawa. “Hivi, kisha natembea mpaka mlangoni nikirudi, halafu nalala tena.” Alikuwa amefanya hivyo kila usiku kwa miezi saba. Sikuwa hata nimempima, lakini mkono unaokungʼutwa usiku ukapata nafuu ni mojawapo ya dalili tunazoziamini zaidi.

Ni kazi yangu iliyoniletea?

Huenda imechangia, lakini mara chache huwa ndiyo sababu pekee. Kazi zinazohusishwa na ugonjwa huu ni zile za kushika kwa nguvu, kurudia mwendo uleule, kifundo kikiwa kimepinda, au kushika mashine inayotetemeka. Tazama tunavyoishi: kukamua ng’ombe asubuhi, kukata miwa kule Muhoroni, kuchuma chai Nandi, kukata maua ya waridi Naivasha kwa mkasi wa bustani siku nzima, kufua na kukamua blanketi kwa mkono. Na kuna kusonga ugali. Ukishasongea ugali waombolezaji wa siku tatu, kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, utanielewa.

Ila kuna wanaopata bila kazi yoyote ya namna hiyo. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, takriban mara tatu. Umri wa miaka 40 hadi 60 ndio wenye visa vingi. Unene, kisukari, baridi yabisi, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, na kifundo kilichowahi kuvunjika vyote huongeza uwezekano. Wengine wamezaliwa na handaki jembamba, na mama yao pia alikuwa akikung’uta mkono usiku.

Na simu, na kompyuta?

Watu wa ofisi hupenda kuilaumu kibodi. Ushahidi dhidi yake ni dhaifu kuliko ushahidi dhidi ya mashine zinazotetemeka na kushika kwa nguvu. Ukitaka kuinua kiti ili vifundo vilale sawa, inua, hakuna hasara.

Nina mimba ya miezi saba na vidole vimekufa ganzi. Nitazaa nikiwa hivi?

Pole mama. Hili ni jambo la kawaida, hasa miezi mitatu ya mwisho, kwa sababu mwili unahifadhi maji mengi na handaki halina pa kupanukia. Kwa wengi hupungua wiki au miezi michache baada ya kujifungua. Vaa splinti usiku, kifaa cha kuzuia kifundo kisikunjwe (nakieleza hapo chini), na vua pete mapema kabla haijang’ang’ania. Lakini uvimbe wa ghafla wa uso na mikono, kichwa kuuma sana au kuona maluweluwe si habari ya handaki. Huo huenda ni msukumo wa damu uliopanda. Nenda kliniki siku hiyo hiyo.

Kuna kipimo naweza kujifanyia?

Kipo, kimoja rahisi. Kutanisha migongo ya viganja vyako mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, viwiko vikiwa juu kidogo. Kaa hivyo sekunde 60. Ganzi ikija au ikizidi kwenye vidole vitatu na nusu, kipimo kimekubali. Njia nyingine ni kumwomba mtu abonyeze kwa kidole gumba mwanzo wa kiganja, katikati, kwa sekunde 30.

Kipimo kikikataa hakimaanishi huna. Kikikubali, nenda ukachunguzwe. Daktari akiwa na shaka, anaweza kukutuma kwenye kipimo cha mwendo wa neva, ambapo umeme kidogo hupitishwa mkononi kupima neva inasafirisha ujumbe kwa kasi gani. Hakipatikani katika kila hospitali ya kaunti, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda gari. Dalili zikiwa wazi, wengi huanza matibabu bila kukingoja.

Duka la dawa limeniuzia vidonge vya neva na dawa ya maumivu. Vitanisaidia?

Vidonge vya neva kwa kawaida ni mchanganyiko wa vitamini B. Kama una upungufu, vitakusaidia. Mfano mzuri ni mtu aliyetumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi, maana dawa hiyo inaweza kushusha B12. Lakini vitamini haipanui handaki. Na vitamini B6 kwa kipimo kikubwa, kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi. Nimeona watu wakiongeza vidonge kwa sababu ganzi imezidi.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni hazibadilishi mengi kwenye ugonjwa huu, na zikimezwa kila siku huumiza tumbo na figo. Kuchua kwa mafuta ya moto kunatuliza misuli ya mkono, kunapendeza, basi. Usimruhusu mtu akukandamize kwa nguvu pale pale kwenye handaki. Unamwongezea neva mzigo.

Splinti ni kitu gani, na kweli kitambaa na chuma vinaweza kuponya?

Splinti ni kifaa kinachoshika kifundo kikae wima, kisikunjwe. Hicho tu. Na kwa mtu ambaye ganzi yake huja na kuondoka, hicho tu mara nyingi kinatosha. Ndiyo tiba ya kwanza, na ndiyo ninayoisikitikia zaidi, kwa sababu watu huivaa vibaya kisha wanasema haifanyi kazi.

Kosa la kwanza: kuivaa mchana kazini na kuivua usiku. Ni kinyume. Mchana unapigana nayo, misuli inachoka zaidi. Usiku ndipo kifundo kinapokusaliti.

Kosa la pili: pembe. Splinti nyingi za madukani zina bamba la chuma lililopindishwa kuinua kiganja nyuma, kama unavyomwambia mtu “simama.” Hiyo ni pembe ya mtu aliyeteguka. Toa bamba, linyooshe kwa mkono juu ya goti, lirudishe. Kifundo kiwe sawa na mkono, kama unapotaka kumsalimia mtu.

Kosa la tatu: kukaza. Ukiamka na alama nyekundu za mikanda, umeongeza shinikizo ulilotaka kulipunguza. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda.

Kosa la nne: kuacha baada ya siku nne. Ipe wiki sita, kila usiku. Hospitali zenye idara ya tiba ya viungo zinaweza kukutengenezea ya plastiki au ya plasta. Huku ukingoja, kipande cha kadibodi ngumu upande wa ndani wa mkono, kuanzia katikati ya kiganja mpaka nusu ya mkono, kikifungwa kwa bendeji bila kukazwa, kinasaidia. Msusi niliyemtaja alianza na kadibodi ya kasha la biskuti.

Mazoezi je?

Yapo, ya kukunja na kukunjua vidole polepole ili kano ziteleze. Faida yake ni ndogo, lakini ni ya bure. Yakiongeza ganzi, acha.

Nimeambiwa nichomwe sindano kwenye kifundo. Niogope?

Sindano ya steroidi hupunguza uvimbe ndani ya handaki. Nafuu huja ndani ya siku au wiki chache, na inaweza kudumu miezi. Kwa wengi ganzi hurudi baadaye, ila sindano inakununulia muda, kwa mfano mtu anayengoja kujifungua au kumaliza msimu wa kazi. Ukiwa na kisukari, mweleze daktari, maana sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. La kuogopa ni mchomaji. Neva iko milimita chache tu kutoka pale sindano inapoingia. Sindano hii ni ya daktari aliyezoea kuichoma. Usichomwe nyuma ya kaunta ya duka la dawa.

Upasuaji unafanywaje? Jirani yangu anasema mkono hulegea milele.

Daktari anakata ule utepe mgumu ili paa la handaki lifunguke. Neva haikatwi. Mkono hutiwa ganzi ukiwa macho, kazi yenyewe huchukua kama dakika 20 au chini, na jioni unalala kwako. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Vidole unaanza kuvikunja siku ile ile; mkono unaofungwa na kuhifadhiwa kama yai ndio unaokakamaa.

Ganzi ya usiku mara nyingi huondoka upesi sana, wengine usiku wa kwanza. Maumivu kwenye kiganja ukiegemea mkono yanaweza kubaki wiki au miezi. Nguvu ya kushika hupungua mwanzoni, kisha hurudi polepole kwa miezi. Kazi nyepesi unaweza kurudi baada ya wiki moja au mbili. Jembe na magunia, hesabu wiki sita hadi kumi na mbili.

Sasa jirani yako. Pengine amemwona mtu aliyechelewa. Tazama ule mto wa nyama chini ya kidole gumba, linganisha mkono wa kulia na wa kushoto. Ukiona mmoja umenywea, kama embe lililoanza kukauka, neva imebanwa muda mrefu. Hapo upasuaji unazuia hali isizidi, lakini nyama iliyopotea huenda isirudi yote, na ganzi huenda ibaki kiasi. Watu huona mkono dhaifu baada ya upasuaji na kuulaumu upasuaji, wakati udhaifu ulitangulia. Kwa hiyo ganzi isiyoondoka mchana kutwa, vifungo vya shati vinavyokushinda, vikombe vinavyokuponyoka, au nyama inayonywea ni sababu ya kumwona daktari wiki hii. Usingoje msimu wa mavuno upite.

Siwezi kuacha kazi. Nifanye nini?

Usiache. Badilisha mshiko.

Fundi wa nguo, noa mkasi. Mkasi butu unadai nguvu mara mbili, na nguvu hiyo inapita kwenye handaki. Wakata maua na wapara samaki ni vivyo hivyo: kisu kikali na mkasi uliotiwa mafuta ni dawa. Mpini mwembamba uzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka unene. Mkono hauhitaji kubana sana. Mwiko wa ugali vilevile, tena shika kwa mikono miwili na songa kwa bega, kifundo kikiwa wima. Blanketi usilikamue kwa kulipinda. Lining’inize likiwa linachuruzika, jua la Kisumu litamaliza kazi.

Msusi, inua kiti cha mteja ili usifanye kazi vifundo vikiwa vimekunjwa chini, na kila baada ya mistari michache achia mikono dakika mbili. Mteja atasubiri. Hakuna mahali pa kwenda akiwa na nusu kichwa.

Dereva wa boda, legeza kebo ya klachi kwa fundi, teremsha vishikio vya breki ili visikulazimishe kupinda kifundo kwenda juu, na badilisha raba ya mpini iliyoisha. Mtetemo wa barabara ya murram unafika moja kwa moja kiganjani.

Niende wapi, na bima italipa?

Anzia kituo cha afya au hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu, wakupime sukari na kukuandikia rufaa ikihitajika. Rufaa za Kisumu na vitongoji vyake huishia sana hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee wanayoita Russia. Za Nakuru huenda hospitali kuu ya kaunti, na walio upande wa Uasin Gishu huenda Moi, Eldoret. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kama hujajisajili, piga *147#. Kabla ya kupangiwa upasuaji, uliza kwenye dawati la SHA la hospitali hiyo kinacholipwa na kinachobaki kwako, na uliza mapema.

Ukiwa umeajiriwa na unaamini kazi ndiyo chanzo, mwandikie msimamizi barua na ubaki na nakala. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Mwambie daktari kazi unayofanya kwa undani, saa ngapi kwa siku, chombo gani, ili aandike kwenye faili. Faili lisilotaja kazi halitakusaidia mbele ya mtu yeyote.

Wakati gani nisingoje hata kesho?

Ganzi ya ghafla upande mmoja pamoja na mdomo kupinda au maneno kukwama: huo huenda ni kiharusi, kimbia hospitali. Na ukianguka na pikipiki, kifundo kikavimba na vidole vikafa ganzi saa hiyo hiyo, au umewekwa plasta na vidole vimekuwa vya baridi, vyeusi au havina hisia, rudi usiku huo huo plasta ilegezwe. Ni vivyo hivyo kwa aliyefungwa vijiti na mganga wa mifupa kijijini. Neva iliyobanwa namna hiyo haina wiki sita za kungoja. Ina saa chache.

Mume wangu anasema ni uvivu, kwa sababu mkono hauna kidonda wala uvimbe.

Mlete siku ya kliniki. Nitakuweka dirishani, viganja vyote viwili juu, nimwonyeshe ule mto wa nyama wa kulia na wa kushoto. Kisha nitafumba macho yako na kumpa kipande cha pamba akuguse ncha za vidole, kimoja kimoja, huku wewe ukisema umeguswa wapi. Akifika kidole cha kati na wewe umenyamaza, atageuka kuniangalia.

Akikataa kuja, muamshe saa nane usiku aje mkungʼute mkono pamoja.